Walivyotafutana Mgonjwa na Jaribio la Tiba

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dk. Hugh Trowell alimwita mwenzake wa idara ya upasuaji aje kumtazama mtoto wa kiume aliyeharibika uso kwa uvimbe. Mataya yote mawili, la juu na la chini, yalikuwa yamevimba kulia na kushoto, na meno yamelegea. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alimpima asijue la kusema. Jipu halishiki pembe zote nne za kinywa kwa wakati mmoja, na saratani alizozijua hazikuwa na tabia hiyo. Muda mfupi baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitazama nje dirishani akamwona mtoto wa kike amekaa na mama yake, uso umevimba vilevile. Alipompapasa akakuta uvimbe tumboni pia.

Burkitt alirudi kupekua mafaili. Akaona kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wakija miaka yote, ila kila daktari aliuandika ugonjwa kwa kufuata mahali uvimbe ulipotokeza: huyu taya, yule figo, mwingine jicho. Mwaka 1958 alichapisha makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na makala ile haikumshtua mtu. Baadaye ilithibitika kuwa ni saratani ya aina moja ya seli nyeupe za damu, zile zinazotengeneza kingamwili. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt, na ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Historia ya saratani za damu kwa kawaida huandikwa kwa kufuata dawa: ilianza hii, ikaja ile, vifo vikapungua. Ni historia ya kweli, lakini inaruka swali ambalo familia ya mgonjwa hulikuta mapema sana: mwenye ugonjwa na wenye jaribio la tiba hukutanaje? Kwa kila dawa ya lukemia au limfoma inayotundikwa leo kwenye dripu pale Ocean Road, Dar es Salaam, au Mulago, kuna watu waliokubali kuipokea kabla haijajulikana kama itawafaa au itawadhuru. Kukutana kwao na dawa hiyo kulitegemea umbali, nauli, taarifa, na nani aliyemtafuta mwenzake. Kwa miaka kadhaa ya karne iliyopita Afrika Mashariki ilikuwa kitovu cha kutafutana huko. Kisha kitovu kikahama.

Saratani ya damu ilielezwa kitaalamu mwaka 1845 na madaktari wawili waliofanya kazi kila mmoja peke yake, John Hughes Bennett wa Edinburgh na Rudolf Virchow wa Berlin. Kila mmoja alipasua maiti akakuta damu imejaa chembe nyeupe, kana kwamba imechanganyika na usaha. Virchow ndiye aliyetoa jina la lukemia, mwaka 1847. Miaka mia iliyofuata ilikuwa ya kubahatisha. Arseniki ilitumika tangu miaka ya 1860, eksirei tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wengine walipata nafuu ya miezi kadhaa, kisha wakafa. Daktari alimpa mgonjwa wake alichokuwa nacho, akaandika yaliyotokea, na aghalabu aliandika pale tu yalipokuwa mazuri.

Vita Kuu ya Pili ilileta kitu kipya kupitia mlango mbaya. Agosti 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, Louis Goodman na Alfred Gilman walikuwa wakichunguza kwa siri sumu za kivita za jamii ya gesi ya haradali. Waliona kwamba sumu hizo huua seli nyeupe za damu, wakashirikiana na wapasuaji kumdunga dawa ya jamii hiyo mgonjwa wa limfoma ambaye tiba ya mionzi ilikuwa haimsaidii tena. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, kisha ukarudi, naye akafariki kabla mwaka haujaisha. Kwenye rekodi zake dawa iliandikwa kuwa ni dutu X, kwa sababu ilikuwa siri ya jeshi. Matokeo hayakutangazwa hadi 1946. Mtu wa kwanza kupata kemotherapia ya kisasa alitibiwa kwa kitu ambacho hata jina lake halikuruhusiwa kuandikwa kwenye faili. Sidhani kama kuna mfano ulio wazi zaidi wa jinsi mgonjwa alivyokuwa mbali na habari za tiba yake mwenyewe.

Miaka mitano baadaye, mjini Boston, Sidney Farber alikuwa mtaalamu wa kuchunguza tishu, mtu wa maabara ya chini ya hospitali ya watoto, na watoto wa lukemia aliwajua zaidi wakiwa wamekwisha kufa. Alijaribu kwanza kuwapa foliki, vitamini ambayo Lucy Wills alikuwa ameifuatilia nchini India kwa wajawazito wenye upungufu wa damu. Lukemia ikachachamaa. Farber alijiuliza: kama vitamini hii inaulisha ugonjwa, je, kitu kinachoizuia kitaunyima chakula? Aliyemtengenezea vizuizi hivyo alikuwa Yellapragada Subbarow, mwanakemia mzaliwa wa India aliyekuwa akiongoza utafiti katika maabara za Lederle. Juni 1948 Farber alitangaza kwamba katika watoto 16 waliokuwa hoi, 10 walipata nafuu ya wazi. Nafuu hiyo ilidumu miezi tu. Hata hivyo wazazi walianza kupanda treni kwenda Boston kutoka miji ya mbali, kwa kusoma gazeti au kusikia kwa jirani, na madaktari wengi wakamshutumu Farber kwa kuwarefushia watoto mateso.

Mwaka huohuo wa 1948 Waingereza walichapisha jaribio la dawa ya kifua kikuu ambamo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, asichague daktari wala mgonjwa nani apate dawa mpya. Mbinu hiyo iliingia katika saratani kupitia lukemia. Katikati ya miaka ya 1950, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliyopo Bethesda, chini ya uongozi wa Gordon Zubrod, ilianza kuwagawa wagonjwa wa lukemia kali kwa namna hiyo ili kulinganisha ratiba mbili za dawa. Wakagundua jambo ambalo linatawala mpaka leo: hospitali moja haina wagonjwa wa kutosha. Ikabidi hospitali kadhaa zifuate itifaki moja, zijaze fomu zilezile, zihesabu kwa pamoja. Hapo ndipo yalipozaliwa makundi ya ushirikiano ya utafiti wa saratani.

Emil Frei na Emil Freireich walikwenda mbali zaidi, wakachanganya dawa nne kwa mpigo kwa watoto ambao wenzao waliona hawana nguvu za kustahimili hata moja. Dawa mojawapo, vinkristini, ilitoka katika mmea wenye asili ya Madagaska, ule wenye maua ya waridi na meupe unaopandwa kama pambo kwenye nyua nyingi za pwani yetu. Donald Pinkel aliendeleza kazi hiyo mjini Memphis kuanzia 1962, akiongeza tiba ya kuulinda ubongo, mahali ambapo lukemia ilikuwa ikijificha. Mwishoni mwa muongo huo takriban nusu ya watoto aliowatibu walikuwa wakipona kabisa. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukaanza kuhesabiwa kwa miaka ya kuishi.

Turudi Kampala. Burkitt hakuwa na maabara ya maana wala fedha. Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma kwa mamia kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza: mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Majibu yakawa alama kwenye ramani iliyotundikwa ukutani. Oktoba 1961 akaondoka na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari kuukuu aina ya Ford walilolinunua kwa pauni 250. Walikwenda mpaka Afrika Kusini na kurudi, kiasi cha maili 10,000 kwa wiki 10, wakipita katika hospitali zaidi ya 50 kuuliza swali lilelile. Njiani Williams alilitengeneza gari lilipokorofisha.

Ramani ikaonyesha mkanda unaokatiza Afrika ya kati, wenye mapengo ya kushangaza. Juu ya mita 1,500 hivi ugonjwa haukuonekana. Nyanda za juu za Rwanda na Burundi zilikuwa karibu safi. Sehemu zenye mvua chache, vivyo hivyo. Ikaanza kueleweka kwamba mpaka wa uvimbe huu ulikuwa ni mpaka wa malaria kali ya mwaka mzima. Nao Michael Epstein wa London, aliyemsikiliza Burkitt akihutubia katika Hospitali ya Middlesex Machi 1961, alikuwa na wazo lake: huenda kuna kirusi. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilikuwa vikisafirishwa kwa ndege za usiku kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ililazimika kutua Manchester kwa sababu ya ukungu. Chupa ilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu mwingine angeyamwaga akidhani yameingia bakteria. Kumbe zilikuwa seli hai za limfoma zilizobanduka kwenye nyama na kuelea zenyewe. Zilikubali kuoteshwa, na ndani yake, mwaka 1964, Epstein pamoja na Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr walikiona kirusi kinachobeba majina ya Epstein na Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Jina la mtoto aliyetolewa kipande hicho haliko katika jina la kirusi, na pengine ni heri.

Tiba ilikuja kwa sababu ya ukosefu. Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na kupasua mataya kulimwacha mtoto bila uso na bila kupona. Burkitt akawaomba watafiti wa Marekani dawa zao mpya. Joseph Burchenal wa New York aliona fursa, akasaidia methotreksati ifike Afrika Mashariki. Mjini Nairobi, katika hospitali ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Peter Clifford alikuwa akiitumia dawa hiyo kwa watoto wa ugonjwa huohuo. Matokeo yaliwashangaza wote. Uvimbe uliofunga jicho uliisha ndani ya wiki. Watoto waliopewa dozi moja au mbili za dawa nyingine, saiklofosfamidi, wakachukuliwa na wazazi wao kurudi kijijini, madaktari wakidhani wamekwenda kufia nyumbani, walikutwa miaka baadaye wakiwa wazima. Hili lilikuwa jambo zito kwa dunia nzima ya saratani: ushahidi kwamba dawa peke yake, bila kisu wala mionzi, inaweza kuifuta saratani isirudi.

Ndiyo sababu Wamarekani walikuja. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walifungua kituo cha kutibu limfoma katika eneo la Mulago, kiini cha taasisi ambayo leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa John Ziegler, kijana kutoka Bethesda. Watoto walipangwa katika majaribio kwa bahati nasibu, dawa moja ikilinganishwa na mchanganyiko, na baadaye wakajaribu kuzuia ugonjwa usiingie kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ziegler na wenzake walionyesha pia kwamba limfoma ikirudi baada ya muda mrefu, mtoto anaweza kutibiwa tena na akapona.

Kilichofanya majaribio hayo yaaminike, kwa maoni yangu, kilikuwa barabarani. Jaribio la saratani halina thamani kama hujui mgonjwa yuko hai au amekufa baada ya miaka miwili. Mtoto wa Uganda wa 1969 hakuwa na simu wala anwani. Wafanyakazi wa taasisi waliandika jina la kijiji, la chifu, la shule, la duka lililo karibu, kisha wakaingia garini kwenda kumtafuta. Mtoto aliyekosa kliniki alifuatwa nyumbani. Nauli ya kurudi ilitolewa, chakula kilikuwepo, dawa hazikulipiwa. Ziegler na wenzake waliweza kueleza hali ya wagonjwa wao kwa ukamilifu ambao hospitali nyingi za nchi tajiri zingeutamani. Mzazi hakuhitaji kujua kwamba kuna jaribio. Jaribio lilimjia.

Mwaka 1972 Tuzo ya Lasker, heshima kubwa ya tiba nchini Marekani, ilitolewa kwa kundi la waanzilishi wa kemotherapia. Burkitt alikuwemo, Ziegler alikuwemo, V. Anomah Ngu wa Kamerun alikuwemo, sambamba na Frei, Freireich na Pinkel. Kampala na Memphis zilisimama jukwaa moja. Na mwaka huohuo, Julai, magazeti ya Marekani yalifichua kwamba huko Tuskegee, Alabama, serikali ilikuwa imewatazama mamia ya wanaume weusi wenye kaswende kwa miaka 40 bila kuwatibu, ili tu kuona ugonjwa unavyokwenda. Kanuni za Nuremberg zilikuwepo tangu 1947, Azimio la Helsinki tangu 1964, mwaka wa kirusi cha Epstein. Yote mawili yalisema mtu asiingizwe katika utafiti bila ridhaa yake. Ilibidi ipite aibu ya Tuskegee ndipo Marekani iweke sheria zenye meno: kamati za maadili, fomu ya ridhaa, haki ya kujitoa.

Uganda nayo 1972 ilikuwa mwaka wa mambo mengine. Idi Amin alikuwa madarakani tangu Januari 1971, na Agosti 1972 alitangaza kuwafukuza Waasia. Ziegler aliondoka, na uongozi ukashikwa na Charles Olweny, daktari Mganda, aliyeendelea kutibu na kuchapisha matokeo wakati dawa, vipuri na wafanyakazi wenzake vikipungua kila mwezi. Sifa zinazomwagwa kwa waanzilishi wa kigeni zingegawanywa vizuri zaidi kama wangehesabiwa pia waliobaki kufungua wodi asubuhi wakati risasi zinasikika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Olweny naye alilazimika kuikimbia nchi. Taasisi haikufungwa, lakini majaribio makubwa yalikwisha. Dk. Jackson Orem alipoishika mwaka 2004, kwa muda yeye ndiye aliyekuwa bingwa pekee wa saratani nchini Uganda.

Maarifa yalikwishasafiri. Ian Magrath, Mwingereza aliyefanya kazi Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikwenda Bethesda akaunda mpangilio wa dawa nyingi zenye nguvu kwa limfoma ya Burkitt. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1996 yalionyesha kwamba karibu wagonjwa wote, watoto kwa watu wazima, wanaweza kupona. Lakini mpangilio ule unahitaji damu ya kuongezwa saa yoyote, antibayotiki kali, chumba cha peke yake, maabara isiyolala. Ukiupeleka kwenye wodi ambayo haina vitu hivyo, dawa itamwua mtoto kabla ya saratani. Hivyo ugonjwa uliogunduliwa Kampala ukawa unapona Paris na Washington kuliko Kampala.

Wakati huo huko ughaibuni wagonjwa walianza kuyatafuta majaribio wenyewe. Wanaharakati wa Ukimwi walitangulia. Oktoba 1988 walizingira ofisi za mamlaka ya dawa ya Marekani wakidai waingizwe katika majaribio na dawa zitolewe haraka. Wagonjwa wa lukemia wakafuata kwa njia ya kimyakimya zaidi. Lukemia sugu ya mayeloidi ilikuwa imeeleweka hatua kwa hatua: 1960 Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida, wakiwa Philadelphia; 1973 Janet Rowley wa Chicago alionyesha kwamba vipande vya kromosomu mbili vimebadilishana mahali. Kubadilishana huko huzaa protini moja inayoamuru seli zigawanyike bila kukoma. Brian Druker wa Portland, Oregon, alishirikiana na Nicholas Lydon, aliyekuwa kwenye kampuni ya Uswisi, kutafuta dawa ya kuizuia protini hiyo. Mgonjwa wa kwanza alimeza kidonge Juni 1998. Kati ya wagonjwa 54 waliopata miligramu 300 au zaidi kwa siku, hesabu ya damu ya 53 ilirudi kuwa ya kawaida. Katika saratani, tarakimu kama hizo hazikuwa zimezoeleka.

Wagonjwa wakasikia kabla ya madaktari wao. Walikuwa na intaneti, wakaulizana nani yumo katika jaribio, hali yake ikoje, nafasi zimebaki wapi. Dawa yenyewe ilikuwa inatengenezwa kwa kiasi kidogo, na kampuni ilisitasita kwa sababu wagonjwa wa ugonjwa huu si wengi. Mwaka 1999 mgonjwa mmoja wa Kanada alikusanya sahihi zaidi ya 3,000 mtandaoni akazituma kwa mkuu wa kampuni. Uzalishaji uliongezwa, majaribio yakapanuliwa, na Mei 2001 imatinibu iliidhinishwa Marekani, chini ya miaka mitatu tangu kidonge cha kwanza. Baadaye mpango wa kuitoa bure kupitia shirika la Max Foundation ulifika Kenya, Tanzania na Uganda, ambako wagonjwa wengi wa lukemia hiyo ni watu wa makamo au vijana, si wazee kama ilivyo Ulaya. Kwetu dawa ilifika kama msaada, majaribio yakiwa yamekwisha kufanyika kwingine. Tofauti hiyo si ndogo: anayepokea msaada hakuulizwa dozi gani inamfaa mtu mwenye malaria ya mara kwa mara au anayeishi na VVU.

Kutafuta kukapata mlango rasmi. Sheria ya Marekani ya 1997 ilidai majaribio yaorodheshwe hadharani, na Februari 2000 ikafunguliwa rejista ya ClinicalTrials.gov. Wahariri wa majarida makubwa ya tiba walitia msumari: jaribio lisilosajiliwa kabla ya kuanza hawatalichapisha, kuanzia Julai 2005. Shirika la Afya Duniani likaunganisha rejista za nchi mbalimbali katika dirisha moja la kutafutia. Afrika ina yake, Rejista ya Majaribio ya Afrika Nzima, inayoendeshwa kutoka Cape Town na kutambuliwa na shirika hilo tangu 2009. Leo mtu akiwa Tandahimba na simu yenye bando anaweza kusoma itifaki ileile anayoisoma profesa wa Oxford. Kuisoma na kuipata ni mambo mawili.

Tazama yaliyotokea kwa ugonjwa wenyewe wa Burkitt. Kati ya 2011 na 2015, hospitali za Ulaya, Amerika Kaskazini na kwingineko ziliwaandikisha watoto na vijana zaidi ya 300 kuona kama kingamwili iitwayo rituksimabu inaongeza kitu juu ya kemotherapia. Wengi wao walikuwa na limfoma ya Burkitt. Matokeo yalichapishwa 2020: baada ya miaka mitatu, asilimia 94 hivi ya waliopata rituksimabu walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, ikilinganishwa na 82 ya wasioipata. Ni jaribio zuri, lililofanywa kwa uangalifu. Ila mtoto wa Lira, kaskazini mwa Uganda, ambaye yumo katika mkanda wa Burkitt, hakuwa na njia ya kuingia humo.

Lipo jaribio jingine ambalo napenda litajwe zaidi. Kuanzia 2004, mtandao wa kimataifa ulioanzishwa na Magrath yuleyule ulishirikiana na Kenyatta ya Nairobi, Ocean Road ya Dar es Salaam na Ile-Ife ya Nigeria kutumia dawa tatu rahisi, kisha dawa za akiba kwa wale ambao ugonjwa uligoma au ulirudi. Ripoti iliyoongozwa na Dk. Twalib Ngoma wa Ocean Road mwaka 2012 ilihesabu wagonjwa 356, na asilimia 62 walikuwa hai baada ya miaka miwili. Mtu wa Paris ataona 62 ni ndogo. Mimi naona jaribio lililouliza swali sahihi: kwa damu tuliyonayo benki, kwa wauguzi waliopo, kwa mgonjwa aliyechelewa miezi mitatu kwa waganga na zahanati, ni tiba gani itawaponya wengi bila kuwaua? Swali hilo halijibiwi Ulaya.

Tafiti nyingine ziliwafikia watoto kandokando ya Ziwa Viktoria na kaskazini mwa Uganda. Ule ulioitwa EMBLEM, kati ya 2010 na 2016, uliandikisha watoto Uganda, Kenya na Tanzania kuchunguza malaria na chembe za urithi. Haukuwa jaribio la tiba, na wazazi walistahili kuelezwa hivyo waziwazi: utafiti wa chanzo hautoi dawa mpya kwa mtoto aliyetoa damu. Huko Lilongwe, Malawi, watu wazima 37 wenye limfoma nyingine kali walipewa rituksimabu pamoja na kemotherapia, wengi wao wakiishi na VVU, kundi ambalo majaribio mengi ya nchi tajiri yalizoea kulifungia mlango. Ilionekana mwaka 2021 kwamba dawa inaweza kutolewa kwa usalama.

Hofu ya kufanywa panya wa maabara haikuzuka bure. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer iliwapa watoto dawa ambayo bado ilikuwa katika majaribio, na kesi kuhusu ridhaa ya wazazi ziliendelea kwa zaidi ya muongo. Mtu wa Tandale au Kibera anayeuliza maswali mengi kabla ya kutia sahihi ana haki zote. Tanzania, jaribio lazima lipitiwe na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu upande wa maadili na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba upande wa dawa. Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo inayoruhusu dawa kujaribiwa. Uganda, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia pamoja na Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Fomu ya ridhaa huwa na namba ya simu ya kamati ya maadili. Piga. Anayekudai fedha ili uingie katika jaribio, au anayekukataza kwenda na fomu nyumbani ukaisome na baba mdogo au shangazi, mwogope.

Na mwenye mgonjwa sasa hivi aanzie wapi? Kwenye jibu la maabara. Hakuna jaribio linalopokea uvimbe. Linapokea aina ya saratani iliyothibitishwa kwa kipande cha nyama au uboho, pamoja na hatua iliyofikia, kipimo cha VVU na hali ya figo na ini. Wengi hukataliwa kwa sababu walikwisha kuanza dawa mahali pengine wiki moja kabla, kwa hiyo swali la jaribio liulizwe siku ya kwanza ya rufaa, kabla ya dripu ya kwanza. Daktari wa Muhimbili, Bugando, Kenyatta au Mulago aulizwe moja kwa moja: upo utafiti unaopokea wagonjwa wa aina hii, hapa au kwa jirani? Awamu ya kwanza hutafuta dozi na madhara, ya tatu hulinganisha na tiba iliyopo. Mgonjwa aulize anaingia ipi. Aulize nani atalipa nauli ya kutoka Kibondo kila baada ya wiki tatu, nani atalipia kitanda iwapo dawa italeta madhara, na jaribio likifungwa kama ataendelea kuipata dawa iliyomfaa. Majibu ya maswali hayo matatu yanatakiwa yawe yameandikwa kwenye fomu ileile anayopewa kutia sahihi, kwa Kiswahili.